Mchonga Mwiko: Historia ya Kijiko cha Mti, Kutoka Lupembe hadi Wamunyu

Wahenga walisema kwamba mchonga mwiko hukimbiza mkono wake. Walimu wa Kiswahili huwafundisha wanafunzi maana ya methali hii kwa urahisi: mtu afanyaye jambo lenye hatari hana budi kujihadhari. Lakini mwanahistoria akiisikiliza kwa makini, ataona kwamba methali hiyo ni ushahidi pia. Methali haitungwi juu ya jambo ambalo watu hawalijui. Walioitunga walikuwa wamemwona mtu ameketi na kipande cha mti mkononi, kisu kikielekea kidoleni, na kidole kikihama kwa wakati wake. Jambo hilo lilikuwa la kila siku kiasi cha kuwa mfano ambao mtoto na mzee waliuelewa bila maelezo.

Leo tukiingia katika darasa la sekondari na kuuliza ni nani aliyepata kumwona mtu akichonga mwiko, huenda mikono michache tu ikainuliwa. Tukiuliza ni nani aliyepata kuuchonga mwenyewe, huenda pasiwe na mkono hata mmoja. Methali imebaki, bali kazi iliyoizaa inatutoka. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya kijiko cha mti: jinsi kilivyochongwa, kwa ajili ya nani, na jinsi kilivyogeuka kutoka kitu cha kupewa na kuwa kitu cha kuuzwa. Tutaanzia Lupembe, katika nyanda za juu za kusini, kisha tutafuata njia moja iliyofunguliwa na vita hadi Wamunyu katika nchi ya Kenya, na mwisho tutatazama ng'ambo kidogo kabla ya kurudi nyumbani.

Lupembe iko mashariki ya mji wa Njombe, ukingoni mwa nyanda za juu, kabla ardhi haijateremka kuelekea bonde la Kilombero. Ni nchi ya Wabena. Zamani ilihesabiwa katika Mkoa wa Iringa, na tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Njombe. Ina mvua nyingi, ukungu, mashamba ya chai na vichaka vya mianzi ambayo hugemwa ulanzi wakati wa masika. Miezi ya Juni na Julai baridi huwa kali, na watu hupenda kukaa karibu na moto jioni. Katika nchi kama hiyo mti si kitu cha kutafutwa mbali, na jioni ndefu za kukaa motoni hazikosekani. Hayo mawili, mti na jioni, ndiyo mtaji wa kwanza wa mchonga mwiko.

Ili tuelewe umuhimu wa kijiko cha mti, yatupasa kwanza tulitazame jiko la zamani. Chungu kilikuwa cha udongo. Kazi ya kufinyanga katika sehemu nyingi ilikuwa ya wanawake, na wafinyanzi wa Kikisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa wamesifika kwa vyungu vyao hata leo. Chungu cha udongo hustahimili moto lakini hakistahimili kugongwa. Chuma hukikwangua, na pigo moja la chuma laweza kukitia ufa. Kwa hiyo mwenzi wa chungu hakuweza kuwa chuma; alikuwa mti. Mwiko wa kusongea ugali ulifanywa mpana na bapa ili uweze kukandamiza unga ukutani mwa chungu, na mpini wake ukafanywa mrefu ili mkono wa msongaji usiunguzwe na mvuke. Upawa wa kutekea mchuzi ulihitaji shimo. Pwani, mahali penye minazi, shimo hilo lilipatikana tayari katika kifuu, na kazi ikawa kukitia mpini. Bara, mahali pasipo na minazi, mtu alitumia kata ya kibuyu au alilichimba shimo hilo katika mti wenyewe. Kila umbo, basi, lilitokana na kazi yake na mahali pake.

Zana za mchongaji zilitoka kwa mfua chuma. Majirani wa Wabena, yaani Wapangwa na Wakinga, walijulikana kwa ufundi wa kuyeyusha na kufua chuma, na majembe yao yalisafiri mbali na kutumika hata katika mahari. Shoka lililoangusha mti, tezo iliyouchonga na kisu kilichoulainisha vilitoka katika moto uleule uliotoa jembe. Hapa twaona kwamba mwiko mmoja, ingawa ni kitu kidogo, ulikutanisha ufundi wa watu watatu: mfinyanzi, mhunzi na mchongaji.

Kazi yenyewe ina kanuni zake, nazo hazikuandikwa kitabuni. Mti huchaguliwa kwanza kwa ladha. Mti wenye utomvu mchungu au harufu kali haufai, kwa sababu chakula cha moto huinyonya ladha hiyo. Msindano unaojaa leo katika mashamba ya miti ya Njombe ni mzuri kwa mbao za ujenzi, lakini utomvu wake haupendezi chunguni. Katika nyanda za juu nyingi za Afrika Mashariki mringaringa umependwa na wachongaji wa vyombo, mizinga ya nyuki na ngoma, kwa kuwa si mzito na haupasuki upesi. Mti hukatwa ungali mbichi, kwani mti mkavu hushindana na kisu. Methali ya samaki mkunje angali mbichi yafaa kwa mti kama ifaavyo kwa samaki na kwa mtoto.

Gogo fupi hupasuliwa kwa kabari, halichanwi kwa msumeno, ili ufa ufuate nyuzi za mti. Mwiko ambao nyuzi zake zimefuata urefu wa mpini hupindika bila kuvunjika, lakini ule ambao nyuzi zake zimekatwa kiupande utavunjika siku ya kwanza ugali ukiwa mgumu. Kiini cha mti huondolewa, kwa sababu hukauka tofauti na sehemu nyingine na kuleta ufa. Baada ya tezo kutoa umbo, kisu huingia kazini, na hapo ndipo mkono unapokimbizwa. Kisha mwiko huachwa kivulini ukauke polepole, maana jua kali huukausha nje kabla ya ndani na kuupasua. Mwisho husuguliwa. Jani la mti uitwao msasa ni kavu na lenye kukwaruza, na kwa jani hilo wazee walilainisha vyombo vyao kabla karatasi ya dukani haijafika. Karatasi hiyo ilipofika, haikupewa jina geni, bali ilirithi jina la mti. Kila fundi seremala anaposema atapiga msasa, anautaja mti ambao pengine hajapata kuuona.

Tumeeleza hatua hizi kwa urefu kwa sababu ndani yake imo hoja yetu. Mtu aliyechonga mwiko hakuwa, kwa kawaida, fundi aliyeishi kwa kazi hiyo. Alikuwa mkulima. Alichonga baada ya jembe kuwekwa chini, kwa ajili ya mama, mke au binti aliyekuwa akienda kuanza nyumba yake. Mwiko haukuwa na bei kwa sababu haukupelekwa sokoni. Wakati aliotumia ndio uliokuwa thamani yake, na aliyeupokea alijua ni nani aliyeutumia wakati huo.

Lugha yetu yenyewe imeupa mwiko heshima. Neno mwiko ni jina la chombo cha jikoni, na neno hilohilo ni jina la jambo lililokatazwa na jamii. Hatudai kwamba maneno hayo yana asili moja. Hilo ni kazi ya wataalamu wa lugha. Lakini katika maisha yamekaa karibu, maana binti alipokabidhiwa jiko alifundishwa pia miiko ya nyumba. Jambo hilo halijakufa. Katika sherehe za kumfunda bibi arusi zinazofanyika siku hizi mijini, ambazo wengi huziita kicheni pati, akina mama humpa bibi arusi vyombo vya jikoni na kumweleza matumizi yake pamoja na mafunzo ya ndoa. Mara nyingi katikati ya sufuria zinazong'aa na vyombo vya umeme umo mwiko wa mti. Mtoaji ameununua sokoni, naye hajui aliyeuchonga. Hata hivyo anahisi kwamba bila mwiko zawadi haijatimia. Hisia hiyo ni mabaki ya historia.

Je, ni nini kilichoutoa mwiko mkononi mwa mwenye nyumba na kuupeleka sokoni? Wengi hujibu kwamba ni kuja kwa vijiko vya chuma na vya plastiki. Jibu hilo si la uongo, ila ni fupi mno. Kabla ya kijiko kuondoka, ulikuwa umeondoka wakati wa kukichonga. Serikali ya Wajerumani ilianzisha kodi mwishoni mwa karne ya 19, na Waingereza waliofuata waliiendeleza. Kodi ilidai fedha, na fedha haikuwapo Ubena. Hivyo wilaya ya Njombe ikawa mojawapo ya wilaya zilizotoa vibarua wengi kwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kukusanya vibarua, kilichoitwa Silabu. Mwanamume aliyekwenda mkongeni alitoweka kwa miezi mingi, pengine kwa miaka. Jioni zake zilikuwa zimenunuliwa. Kijana aliyebaki nyumbani alikosa wa kumwonyesha jinsi kidole kinavyoukwepa ukali wa kisu, na kibarua aliporudi alikuwa na senti za kununulia vyombo vya bati. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976 na ambayo hupanda kutoka bonde la Kilombero hadi Makambako, ilileta faida kubwa kwa taifa. Pamoja na faida hizo ilirahisisha pia safari ya bidhaa za viwandani kufika nyanda za juu. Lakini kufikia hapo, mnyororo wa mafundisho ulikuwa umelegea siku nyingi.

Sasa tuifuate ile njia ya vita. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na Jenerali Edward Northey yaliingia Njombe kutoka kusini-magharibi, na mwezi Novemba mapigano yalifika Lupembe yenyewe. Wananchi wa pande zote, ambao ugomvi huo haukuwa wao, walichukuliwa kuwa wapagazi. Makumi ya maelfu ya wapagazi kutoka nchi za Afrika Mashariki walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Vita hivyohivyo viliwaleta Tanganyika watu wengi kutoka Kenya, na miongoni mwao alikuwamo Mkamba mmoja wa Wamunyu, aliyeitwa Mutisya wa Munge.

Wakamba, kama Wabena na jamaa zao wengine wa bara, walikuwa wakichonga vitu vya matumizi: vijiko, vigoda, mizinga na mipini. Inaelezwa kwamba Mutisya, alipokuwa Tanganyika, aliwaona wachongaji wa Kizaramo wakichonga sanamu za watu na kuziuza kwa wageni, akajifunza kwao. Vita vilipokwisha alirudi Wamunyu, akaendelea kuchonga na kuwafundisha jamaa zake. Kutokana na mwanzo huo mdogo ilikua kazi iliyowapa riziki maelfu ya watu.

Katika vitu vilivyowaletea Wakamba umaarufu, kijiko kilikuwa na nafasi yake. Walikichukua kijiko cha nyumbani, wakakirefusha mpini, na juu ya mpini wakaweka kichwa cha twiga, cha paa au cha shujaa wa Kimasai. Wakakitengenezea na mwenzake, yaani uma. Jozi hiyo ilikusudiwa kuchanganyia saladi katika nyumba za Ulaya na Marekani, chakula ambacho mchongaji mwenyewe hakuwa nacho mezani. Hivyo kijiko chetu kilipata pambo lake zuri siku kilipoacha kuwa chetu. Kile kilichobaki jikoni kikaendelea kuwa kitupu.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu Wakamba. Walifanya kazi kwa jasho, walisomesha watoto, na mwaka 1963 wachongaji waliokuwa Mombasa walijiunga katika chama cha ushirika kule Changamwe, jambo ambalo ni mfano mwema wa wafanyakazi kujisimamia. Lakini biashara ina njaa isiyojua kushiba. Mti uliochongwa kwa ajili ya mke mmoja au binti mmoja hauwezi kumaliza msitu. Mti unaochongwa kwa ajili ya soko la dunia waweza. Mpingo na muhugu, miti iliyopendwa zaidi na wachongaji wa Kenya, ilipungua sana, hata katika miaka ya 1990 ikaanzishwa juhudi ya kuwashawishi watumie mwarobaini, ambao hukua haraka. Hapo twaona kwamba kumjua unayemchongea ni kipimo pia cha kiasi cha kukata.

Tusidhani kwamba mabadiliko haya yametukuta sisi Waafrika peke yetu. Katika nchi ya Wales, magharibi ya Uingereza, vijana wa vijijini walikuwa na desturi ya kuwachongea wachumba wao vijiko vya mbao. Kijiko chenye tarehe kilicho cha zamani zaidi katika makumbusho ya St Fagans, karibu na mji wa Cardiff, kimeandikwa mwaka 1667. Kijana alichukua kipande kimoja cha mti, na bila kuunganisha kitu alitoa humo pete za mnyororo zilizoshikana, au vigololi vinavyocheza ndani ya kizimba. Pambo la moyo lilimaanisha mapenzi, na mnyororo ulimaanisha muungano. Kijiko cha namna hiyo hakikuwa na kazi jikoni, kilitundikwa ukutani. Kilimwambia msichana, na pia baba yake, kwamba mchongaji ana subira na mikono yake ina ustadi. Leo wengi hununua vijiko hivyo madukani kwa ajili ya arusi au kama kumbukumbu ya safari. Lakini wako watu huko ambao bado huketi jioni na kisu, wakachonga kwa kujifurahisha na kumpa mtu wanayempenda. Wameitunza kazi ya mapumziko pembeni mwa biashara, na kwa sababu hiyo biashara haikuumaliza ufundi wote.

Hapo ndipo penye fundisho kwetu. Mwaka 1962, nchi yetu ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Tangu wakati huo juhudi nyingi zimefanyika katika ngoma, lugha na michezo ya kuigiza, na uchongaji wa Kimakonde umeheshimiwa duniani. Hata hivyo tumezoea kuyapima mambo ya mikono kwa macho ya mnunuzi. Mwanafunzi akichonga vizuri tunamwambia kwamba ataweza kuuza. Ni mara chache tunamwuliza amechonga kwa ajili ya nani. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka mkono na akili vifanye kazi pamoja, lakini haikusema kwamba kila kitokacho mkononi lazima kipelekwe mnadani.

Mkoa wa Njombe leo ni nchi ya mbao. Magari yaliyojaa mbao huteremka kutoka huko kila siku kupitia Makambako, na magari mengine hupanda yakiwa na vijiko vya plastiki. Mwalimu wa Lupembe, au wa popote penye miti, hahitaji fungu kubwa la fedha ili awarudishie wanafunzi wake kazi hii. Anahitaji gogo fupi, kabari, visu vichache vikali, na mzee mmoja wa kijiji aliye tayari kuketi nao. Wanafunzi wataandika majina ya miti ya mahali pao kwa Kiswahili na kwa Kibena, watajifunza ni kwa nini mti hupasuka kwa kufuata nyuzi, na watajionea kwa nini ufa huanzia kwenye kiini. Hilo ni somo la lugha, la sayansi na la historia kwa pamoja.

Na mwiko ukimalizika, usipimwe bei. Mwanafunzi aupeleke nyumbani, ampe mama yake au bibi yake. Huenda ukawa mwiko mzito upande mmoja, wenye mpini uliopinda, na juu ya mpini alama ndogo aliyoichora kwa kisu, ambayo maana yake anaijua yeye na atakayeupokea. Mama atausongea ugali jioni hiyohiyo. Na siku mwalimu atakapoiandika ubaoni ile methali ya mchonga mwiko, mwanafunzi huyo atakitazama kidole chake chenye kovu, wala hatahitaji kuelezwa maana.